Posa ya Mbuzi wa Febronia

Kwa miaka ishirini na miwili Yeremia alikuwa karani wa chama cha ushirika pale Ulemo, na katika miaka hiyo yote hakuna mkulima aliyetia dole gumba mbele yake bila kusomewa kwanza karatasi yenyewe, mstari kwa mstari, hata kama nje mvua ilikuwa inaanza na punda wa watu wanalowa. Watu walimlalamikia kwa uchelewaji. Yeye hakujali. Halafu ushirika ukafa, wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wakawa wanachukua alizeti barabarani kwa maneno matatu na kuondoka, na karani akabaki na shamba la mtama, taipureta kuukuu aliyopewa siku ya kuagwa, na tabia ya kusahihisha matangazo yaliyobandikwa kwenye mashine ya kusaga.

Jirani yake upande wa machweo alikuwa Febronia, mjane mwenye mbuzi kumi na mmoja. Kumi kati yao walikuwa mbuzi tu. Wa kumi na moja alikuwa jike mwenye baka jeupe usoni, mrefu wa shingo, ambaye kamba kwake ilikuwa kitu cha kutafuna kabla hajaanza safari. Mwaka ule wa 1998, baada ya zile mvua za El Nino, mtama ulisimama vizuri kuliko miaka mingi iliyopita, na kila asubuhi yule jike alifika shambani kwa Yeremia mapema kuliko Yeremia mwenyewe.

Mara tatu alikwenda kumlalamikia Febronia kwa mdomo. Mara tatu Febronia alimkaribisha kigoda, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akamjibu kwa upole kwamba atazungumza na mbuzi. Ni upole huo uliomchoma. Yeremia akaamua kwamba sasa ataandika, kwa sababu jambo likiwa kwenye karatasi linaweza kufikishwa Baraza la Kata, na mbele ya Baraza hakuna mtu atakayesema atazungumza na mbuzi. Akafungua taipureta akakuta utepe umekauka kama ganda la ndizi. Utepe mwingine haukupatikana Ulemo wala Misigiri. Ndipo akaambiwa aende Kiomboi, kwa Bonaventura, mwenye kompyuta.

Bonaventura alikuwa kijana wa makamo aliyerudi kutoka Dar es Salaam na suruali tatu za mikunjo, jenereta moja na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kochi. Ndani ya kompyuta hiyo, alieleza, mlikuwa na kitu kinachoitwa Karani. Hukiambii barua iandikweje. Kinakuuliza maswali matano, unajibu, halafu chenyewe kinafikiri na kuelewa unataka barua ya namna gani, kinaiandika. Ukutani alikuwa amebandika karatasi mbili. Ya kwanza ilisema: KOMPYUTA HAIKOSEI. Ya pili, iliyokuwa chini kidogo na kwa herufi ndogo, ilisema duka halihusiki na yatakayoandikwa.

Jina lile la Karani halikumpendeza Yeremia, lakini alikuwa ameshalipa nauli. Akakaa. Bonaventura akawa anasoma maswali na kupiga majibu, huku akibishana dirishani na mtu wa mafuta ya taa. Barua inakwenda kwa nani? Yeremia akasema, kwa Bi. Febronia, jirani yangu. Inamhusu nani? Hapo akajibu kikarani, kwa kifupi kama alivyozoea: jike mwenye baka jeupe usoni, wa nyumbani kwake. Umemfahamu vipi? Huja kwangu kila asubuhi, na amekwisha kula kwangu zaidi ya mara tatu. Unataka nini? Nataka afungwe, na jambo hili liishe kwa utaratibu, mbele ya wazee. Usipojibiwa utafanya nini? Yeremia akafikiri kidogo, akasema hataweza kuvumilia zaidi, atamchukua mwenyewe.

Mashine ikanguruma, karatasi ikatoka. Herufi zilikuwa za vidoti vidogo, hafifu, na Yeremia alipoisogeza machoni hakuona herufi bali kitu kama msafara wa siafu. Miezi mingi sasa macho yake yalikuwa yanamfanyia hivyo. Hakuwa amemwambia mtu, hata bintiye Eliza aliyeolewa Mtinko. Nyuma yake palikuwa na kijana anasubiri zamu, na mbele yake Bonaventura akimtazama. Yeremia akaipitisha karatasi mbele ya macho kwa kasi ya mtu anayesoma, akatikisa kichwa kama aliyeridhika, akatia sahihi. Ilikuwa sahihi ile ile ya ushirika, yenye mkia uliozunguka mara mbili.

Kijana aliyefuata alikuwa Chrispin, fundi baiskeli wa Misigiri. Yeye alikuja kuandika posa. Alimtaka Jenipher, binti wa Simeoni, mzee aliyechimba dhahabu Sekenke mpaka mgongo ukakataa na ambaye hakuwa na mzaha hata siku ya Krismasi. Chrispin alijibu maswali yake. Alipopewa barua hakuisoma kabisa. Alisema mwenyewe baadaye kwamba aliona haya, akatia sahihi huku ametazama pembeni.

Siku ya nne baada ya kuituma barua yake, Yeremia alimwona Urbano akiingia uani. Urbano alikuwa shemeji wa Febronia, mdogo wa marehemu mumewe, na alikuwa amevaa koti katika joto lile. Yeremia alifurahi. Mtu hatumi shemeji mwenye koti kama hajatambua uzito wa jambo. Akamwekea kiti cha mgongo, wakaulizana habari za nyumbani, za mvua na za mifugo, kisha Urbano akakohoa na kusema kwamba barua imefika, familia imekaa, na familia imekubali.

Yeremia akasema amefurahi sana, na kwamba hakutegemea wakubali upesi hivyo. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

"Sasa atafungwa lini?"

Urbano akasema hilo la kufunga ni la upande wa Yeremia. Wao wanasubiri siku. Ila dada, yaani Bi. Febronia, ana masharti machache. La kwanza, asipigwe. Yeremia akakiri kwa uungwana kwamba alimpiga mara moja tu, kwa jiwe, na halikumpata sawasawa. Urbano akaandika hilo kwenye kikaratasi. La pili, huyu amezoea kula asubuhi na mapema, asije akakatazwa. Yeremia akasema hapo ndipo penye tatizo lote. Urbano akasema familia inaelewa, kila mtu huja na tabia za kwao. La tatu, kwa kuwa familia ni ya Kikristo, wangependa kujua mchungaji ameshaambiwa au bado.

Ni hapo Yeremia alipouliza mchungaji anahusika vipi na mbuzi.

Urbano akatoa barua kwenye koti. Alikuwa mtu wa kutii. Alikuwa ametumwa kusema yale maneno na ameyasema bila kucheka, na ilimgharimu, kwa maana sasa machozi yalikuwa yanamtoka. Akaisoma kwa sauti, kwa sababu Yeremia alimwambia asome yeye:

"Mpendwa Bi. Febronia. Natumaini u mzima wa afya. Kwa heshima na taadhima naleta kwako ombi langu la kumposa jike mwenye baka jeupe usoni, wa nyumbani kwako. Nimemfahamu kwa muda sasa. Huja kwangu kila asubuhi, na amekwisha kula kwangu zaidi ya mara tatu. Moyo wangu umeridhika naye. Ninaomba ndoa ifungwe kwa utaratibu, mbele ya wazee. Usiponijibu sitaweza kuvumilia zaidi, nitamchukua mwenyewe. Wako katika matumaini, Yeremia."

Yeremia aliomba aone sahihi. Mkia ulikuwa umezunguka mara mbili.

Alivuka mpaka akiwa na kandambili za nyumbani. Febronia alikuwa anapepeta mtama, akamkaribisha kigoda kama kawaida, akamwita mkwe. Yeremia akaeleza habari ya kompyuta, maswali matano, jenereta, mtu wa mafuta ya taa. Febronia akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema yeye ni mwanamke wa kijijini, hajui mambo ya mashine; anachojua ni kwamba barua imekuja na sahihi ya karani mzima wa ushirika, mtu aliyewazuia watu kutia dole gumba bila kusomewa kwa miaka ishirini na miwili, na yeye ameikubali mbele ya mashahidi. Na kwa kuwa posa imekubaliwa, habari ya mtama imekwisha.

"Mchumba akila shambani kwa mwenzake," alisema, "huo nao ni wizi?"

Hilo ndilo lililomuumiza Yeremia kuliko yote, kwamba hoja ilikuwa na miguu ya kusimamia.

Habari ilifika Misigiri kabla ya jioni. Kwenye mashine ya kusaga wanawake walimpisha foleni wakisema bwana harusi asicheleweshwe. Mzee mmoja wa kanisani, mtu mwenye heshima zake, alimshika mkono akamuuliza kwa sauti ya chini kama mahari yatakuwa mbuzi. Na asubuhi yule jike alikuja kama kawaida, ila sasa Febronia alisimama mpakani na kumsindikiza kwa macho, akisema kwa sauti ya kusikika kwamba mtoto amekwenda kwake.

Wiki haikuisha, Chrispin akaja. Aliamkia, "Shikamoo mzee," akakaa chini ukutani, akatoa barua iliyokunjwa mara nyingi. Simeoni alikuwa ameirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Haikuwa posa. Juu iliandikwa: Yah: Malalamiko dhidi ya Jenipher. Chini ilieleza kwamba huyo Jenipher hupita mbele ya karakana ya mwandishi kila siku na kumfanya ashindwe kufanya kazi, kwamba hali hiyo haivumiliki, kwamba baba mzazi anatakiwa kumkabidhi mara moja, na asipofanya hivyo suala litafikishwa kwa mchungaji. Yote yalikuwa majibu ya Chrispin mwenyewe. Ni kweli Jenipher alipita kila siku, ni kweli Chrispin hakuweza kufanya kazi. Simeoni alikuwa amefika karakanani, akamuuliza mbele ya wateja ni spoku ngapi ambazo binti yake amezivunja, akatangaza kwamba Jenipher kuanzia siku hiyo atapita njia ya bondeni.

Yeremia alijisikia vizuri kidogo, kama mgonjwa anayemwona mgonjwa mwenzake. Wakaenda Kiomboi pamoja.

Bonaventura hakukataa kwamba barua zimetoka kwake. Alichokataa ni kwamba zinamhusu. Alieleza kwa subira kwamba yeye hupiga majibu tu. Anayeelewa, anayechagua kama ni posa au malalamiko, anayeunga maneno, ni Karani. Yeye mwenyewe hata hajui Karani anavyofanya. Na Karani naye hakutengenezwa na yeye. Alimpata kwa mtu Dar es Salaam, ambaye naye alimpata kwa mtu mwingine. Kwa hiyo kama wanataka kulaumu, walaumu Karani. Halafu akaonyesha karatasi ya pili ukutani. Yeremia akamwambia Chrispin aisome kwa sauti, na aisome na ile ya kwanza.

Baraza la Kata lilikaa katika ghala la zamani la ushirika, ambako Yeremia alijua kila ufa wa sakafu. Mwenyekiti alikuwa Rahabu, mkunga mstaafu aliyewapokea kwa mikono yake nusu ya watu waliokuwa mle ndani, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeweza kujifanya mkubwa mbele yake. Kulia kwake alikaa Isaka, mfugaji, kushoto Chediel, mzee wa kanisa, na wajumbe wengine wawili ambao siku hiyo walikuja mapema ili wapate viti. Dirishani watu walijaa mpaka mwanga ukapungua.

Shauri la Yeremia lilikuwa la mtama. Febronia alisimama, akatoa barua, akaeleza habari ya posa kwa utulivu uleule, na kuomba Baraza limsaidie kumhimiza bwana harusi. Watu wakacheka mpaka Rahabu akagonga meza. Yeremia akasema maneno yale si yake. Febronia akauliza, sahihi ni ya nani? Bonaventura, aliyeitwa kwa samansi, akasema maneno yale si yake pia. Ni ya mashine.

Isaka akasema basi mashine iitwe.

Chediel akacheka, lakini Isaka hakuwa anatania. Mtu akisemwa ndiye mwenye kosa huitwa ajitetee. Ndivyo wanavyofanya siku zote. Wajumbe wakanong'onezana, shauri likaahirishwa, na wiki iliyofuata kompyuta ikaletwa Ulemo kwenye pikapu, imefungwa blanketi, Bonaventura ameipakata kama mgonjwa. Ikawekwa kwenye kiti cha mlalamikiwa. Jenereta likawashwa nje. Chediel, ambaye sasa jambo lilikuwa limemkolea, akauliza ile itaapa kwa kitabu gani. Bonaventura akasema haina dini. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba mlalamikiwa hana dini na hakuapa.

Kisha Rahabu akasema anataka kuandika barua. Akamwambia Bonaventura akae, apige majibu yake kama anavyowapigia wateja, asiongeze wala asipunguze. Barua inakwenda kwa nani? Kwa mke wa Bonaventura. Inamhusu nani? Bonaventura. Umemfahamu vipi? Nilimpokea siku alipozaliwa, na leo niko naye mbele yangu amenyamaza. Unataka nini? Ndugu na marafiki wajulishwe, waje Ulemo. Usipojibiwa utafanya nini? Tutaendelea na utaratibu bila wao.

Mashine ikanguruma. Rahabu akaichukua karatasi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ileile aliyotumia kusoma kila kitu:

"Kwa masikitiko makubwa nakujulisha kwamba mpendwa wetu Bonaventura hatunaye tena. Nilimpokea siku alipozaliwa, na leo niko naye mbele yangu amenyamaza. Ndugu na marafiki wafike Ulemo. Wasipofika tutamzika bila wao. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa."

Bonaventura alikuwa amesimama. Rangi ya uso wake haikuwa ya mtu mwenye suruali ya mikunjo. Rahabu akaikunja barua, akamwambia mgambo aliyekuwa mlangoni kwamba kuna basi la saa nane, aipeleke Kiomboi.

"Mama, usiipeleke," Bonaventura alisema. "Si kweli hiyo."

"Mimi sijaandika kitu. Nimejibu maswali. Ameandika nani?"

"Karani."

"Na Karani ni wa nani?"

Bonaventura alitazama mashine, akatazama dirisha lililojaa vichwa, akatazama ile barua mkononi mwa mgambo. Mkewe alikuwa mtu wa kuanguka hata kwa habari ndogo.

"Ni wangu," alisema.

Rahabu akamrudishia barua. Bonaventura akaichana vipande vidogo sana, na vipande akavitia mfukoni badala ya kuviacha ndani ya ghala.

Wajumbe walijadiliana mbele ya watu wote, kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine. Isaka alisema kwake mambo ni mepesi: ng'ombe akimpiga mtu pembe, hakuna anayemshtaki ng'ombe, na mwenye ng'ombe hawezi kusema yeye si pembe. Mjumbe mmoja akapinga, akasema ng'ombe hamwombi mtu sahihi. Yeremia alitia yake kwa hiari. Chediel akauliza kama mtu akitia sahihi asichokijua, ni neno lake au si lake. Hapo walikwama. Ndipo Rahabu akamgeukia Yeremia, akamuuliza ilikuwaje yeye, yeye hasa, akatia sahihi bila kusoma.

Yeremia alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. Alikuwa na majibu mawili mazuri, moja kuhusu haraka ya basi na jingine kuhusu tangazo la KOMPYUTA HAIKOSEI. Alisimama pale ambapo zamani meza yake ilikuwa, akawatazama watu aliowasomea karatasi miaka ile yote, nao machoni pake walikuwa ukungu wenye kofia na khanga. Akasema hakusoma kwa sababu haoni. Alisema herufi zimemkimbia tangu mwaka jana, na aliona aibu kumwambia kijana wa Kiomboi kwamba karani hawezi kusoma.

Hakuna aliyecheka. Febronia, aliyekuwa na uso wa kicheko tangu asubuhi, akaanza kuchezea pindo la khanga yake.

Uamuzi ulisomwa mchana. Anayeweka mashine isemee watu, Baraza lilisema, maneno ya mashine hiyo yanahesabiwa yametoka kinywani mwake, hata kama hajui yalivyopikwa, kwa sababu aliyeyaleta sokoni ni yeye na si mwingine. Karatasi ya ukutani haimwokoi, hasa ikiwa juu yake kuna nyingine inayosema haikosei. Yeremia naye alikosa kutia sahihi gizani, lakini kosa hilo halimwozeshi mbuzi. Febronia alijua fika kwamba hakuna mtu anayeposa mbuzi, na mtu aliyejua kwamba barua ni kosa hawezi kuifanya ngao. Kwa hiyo mtama ulioliwa kabla ya barua ataulipa Febronia, ulioliwa baada ya barua ataulipa Bonaventura, maana barua ingekuwa sahihi jike angekuwa kambani. Posa imefutwa. Bonaventura aende na Chrispin kwa Simeoni, akaeleze kwa mdomo wake mwenyewe. Na kuanzia siku hiyo hakuna barua kutoka dukani kwake itakayotiwa sahihi kabla mteja hajasomewa yote na mtu mwenye macho mazima.

Chediel aliomba iandikwe pia kwamba mbuzi hakuhojiwa. Rahabu akasema haina haja.

Kwa Simeoni walikwenda watatu, kwa kuwa Chrispin alimwomba Yeremia aongozane nao. Simeoni aliwasikiliza akiwa amesimama, mkono mgongoni. Bonaventura alieleza habari ya mashine, na kila alipofika kwenye neno Karani alijisahihisha akasema mimi. Alipomaliza, Simeoni akaingia ndani akatoka na daftari la shule na kalamu, akavitupa mapajani kwa Chrispin, akamwambia aandike hapohapo anachotaka, kwa mkono wake.

Chrispin aliandika mistari minne kwa robo saa. Mwandiko ulikuwa kama mnyororo ulioruka meno, na jina la Jenipher mwenyewe alilikosea. Simeoni aliisoma mara mbili. Akasema hii sasa hata kompyuta isingeweza. Kutoka jikoni kulisikika mtu akicheka, na hakuwa mama yake Jenipher.

Febronia alileta debe lake la mtama kichwani mwenyewe, bila Urbano. Hakumwita mkwe. Alisema marehemu mumewe naye macho yalianza hivyohivyo, akakaa nayo bila kusema mpaka akaangukia kisimani, na kwamba hospitali ya misheni ina daktari wa macho kila Alhamisi ya kwanza. Yeremia akasema ataangalia. Febronia akasema Alhamisi ya kwanza ni wiki ijayo, naye ana safari ya huko, hivyo watapanda basi moja. Jike alifungwa kwa mnyororo wa baiskeli uliotolewa na Chrispin, na kwa siku tisa kamili mtama ulikua bila kuguswa.

Miwani aliyopewa huko misheni ilikuwa mizito, ya fremu nyeusi, nayo ilimfanya Yeremia aone kwamba Urbano ana mvi na kwamba ukuta wa nyumba yake mwenyewe una nyufa ambazo hakuzijua. Bonaventura alikuja kumtafuta mwenyewe. Alikuwa anahitaji msomaji, na wateja hawakupungua kama alivyoogopa. Walikuwa wengi kuliko zamani, kila mmoja anataka kuona mashine iliyoposa mbuzi. Yeremia alisema atafikiri. Siku ya pili alikuwa Kiomboi kabla duka halijafunguliwa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kubandua karatasi zote mbili ukutani.

Mteja wa kwanza kusomewa naye alikuwa mama mmoja wa Sekenke, aliyemwandikia mwanawe aliyekwenda mgodini Geita na kunyamaza miaka miwili. Yeremia alichukua karatasi akiwa tayari na kalamu nyekundu. Akasoma mstari wa kwanza kwa sauti, akasoma wa pili. Mashine ilikuwa imeandika kwamba nyumbani kuku wametaga, kwamba mlango wa chumba chake bado unakwama vilevile, na kwamba hakuna anayemdai maelezo. Mama akajifuta macho kwa khanga. Yeremia alisoma mpaka mwisho akitafuta kosa, akarudi mwanzo akatafuta tena.

Ilikuwa barua nzuri. Ilimkera sana. Akampa mama kalamu, akamwonyesha pa kutia sahihi.